Gitaa ya stima ya kwanza, niko Kisumu na 30,000, nichukue gani?

kondele_mgeni

Habari zenu watu wa nyuzi. Nimekuwa nikisoma hapa kimya kimya tangu mwaka jana, leo imebidi niulize juu nikizidi kuzubaa hii pesa itapata kazi ingine, mnajua pesa ikikaa kwa simu venye humea miguu.

Niko Kisumu, huku Kondele, nafanya kazi kwa saiba. Gitaa ya boksi nimecheza kama miaka miwili hivi, si yangu, ni ya kanisa, naichukua Jumatatu narudisha Alhamisi wakati wa mazoezi ya kwaya. Najua kodi za G, C, D, A na Em. F hunishinda, kidole cha kwanza kinakataa kulala vizuri hapo kwa freti ya kwanza, vile vyuma vimepita shingoni, na Bm sitaki hata tuiongelee. Sasa nataka ya stima, yangu mwenyewe, yenye sirudishii mtu. Nataka kucheza benga, ile solo inakimbia huko kwa freti za mwisho mwisho, na Jumapili nisaidie na rithim kanisani. Roki ya kelele naheshimu lakini si yangu.

Bajeti ni 30,000 kila kitu, na nikisema kila kitu ni hadi kebo. Nimeona tatu. Kuna seti mpya kwa duka moja hapa tao, jina la kampuni sijawahi kusikia, nyeusi inang'aa kama kiatu cha polisi, inakuja na spika yake ndogo, begi, mkanda, piki na kebo, 19,500. Hiyo ina daraja, pale nyuzi zinashikiwa mwilini, ya kufuli, ile ya mkono wa kutikisa, na huko juu kwa shingo pia nyuzi zimebanwa na skrubu, muuzaji ananiambia hiyo ndio ya mapro. Ya pili ni Squier Stratocaster ya mkono wa pili, mwenyewe yuko Nakuru, anataka 21,000, gitaa tupu, anasema imelala kwa begi miaka mitatu. Ya tatu ni Epiphone yenye umbo la Les Paul, binamu yangu ameiona Nairobi, 34,000, najua imepita bajeti lakini ile picha nimeiangalia mpaka mke wangu akauliza huyo ni nani.

Sasa nichukue gani? Na je, naeza chomeka gitaa kwa wufa ya nyumbani ndio nisinunue amplifaya? Nyumba ni chumba kimoja, jirani tunatenganishwa na mabati, mtoto wao akikohoa sisi ndio tunasema pole.


mulembe_rithim

Strat ya Nakuru. Ya kufuli kimbia. Ya 34,000 haiko kwa bajeti, hapo umejijibu mwenyewe. Amplifaya tafuta ya mkono wa pili. Nimemaliza, wengine watakuandikia gazeti.


pesa_otas

Mimi nauliza tu, 30,000 ya mbao na waya? Hiyo ni ndama mzuri kabisa huku kwetu. Kama umecheza ya kanisa miaka miwili na F bado, si uendelee na hiyo hiyo ya boksi mpaka F ikae ndio ununue? Watu hujifunza na kitu ngumu kwanza ndio ile rahisi ikikuja wanaruka nayo.


nyar_ahero

@pesa_otas na heshima zote, hiyo maneno ya boksi kwanza ndio ilinipotezea mimi mwaka mzima. Boksi mara nyingi inawekwa nyuzi za 12 mpaka 53, hizo namba ni unene kwa elfu za inchi, na ile ya kanisa naeza bet nyuzi zimeinuka mpaka panya inapita chini. Ya stima nyingi zinakuja na 9 mpaka 42, nyembamba, na shingo pia nyembamba. Ile F inakutoa jasho kwa boksi, kwa ya stima yenye imewekwa sawa unaeza ipata kwa wiki chache. Si eti ya stima haina ugumu wake, ukigusa waya hufai kugusa kanisa nzima inasikia, kwa boksi hiyo makosa ingejificha, lakini vidole havitoki damu, na mtu asipotoka damu anarudi kesho.

Sasa kondele_mgeni kuhusu hiyo ya kufuli nisikize kama dada yako. Yangu ya kwanza ilikuwa ya hivyo hivyo, nyekundu, duka silitaji. Mapro wanazitumia kweli, lakini zile zao chuma ni ngumu na wanajua kuziweka. Hiyo daraja huwa inaelea. Mbele nyuzi zinaivuta, nyuma kuna springi zinaivuta, inakaa sawa juu nguvu zimelingana. Sasa siku moja tuko kesha ya Desemba, saa saba usiku, pambio imeshika, waya ya kwanza ikakatika. Gitaa ya kawaida ungeendelea tu na tano. Hii, waya moja ikitoka springi zinashinda, daraja inalala nyuma, na hizo tano zingine zote zinapanda, kila moja na kiwango chake. Nilicheza karibu ubeti mzima nikidhani mpiga kinanda amehama ki ya wimbo. Mpiga kinanda aliniangalia venye watu huangalia kuku imeingia kanisani. Na kurudisha waya hapo unahitaji ufunguo wa alen, na ufunguo uko nyumbani Ahero.

Halafu zile za bei ya chini, hapo penye daraja inakalia panakulika haraka, ukitikisa mkono mara moja hairudi penye ilikuwa. Unatyuni, unafunga, imehama. Unafungua, unatyuni, unafunga. Jioni imeisha hujacheza wimbo hata mmoja. Niliiuza kwa mtu mwenye alitaka ya kupiga nayo picha.

Kitu ingine ya maana, kwa nyinyi wa kanisani. Kabla uchomeke popote uliza kama hiyo stima ina athi, ile waya ya kwenda ardhini, hasa kama ni hema na jenereta. Amplifaya yako ikiwa haina athi na maiki iko kwa mashine ingine, mikono iko kwa nyuzi za chuma na mdomo uguse maiki, stima inapita kwako. Mimi ilinishika mdomo nikiimba sauti ya pili kwa krusedi, nikaruka, watu wakadhani ni roho na wakaongeza makofi. Siku hizi nagusa maiki na nyuma ya mkono kwanza nikiwa nimeshika nyuzi, na nikihisi hata kama ni kamchomo kadogo siimbi mpaka mtu wa mitambo aangalie.


mwalimu_wa_maseno

Kijana wangu, karibu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na zamani nilipiga rithimu katika bendi ya hoteli huku Nyanza, kwa hiyo nitaongea juu ya mlio tu, mambo ya skrubu nawaachia wenzangu.

Umesema benga. Basi kabla ya kuuliza gitaa gani, uliza masikio yako yanatafuta nini. Waliolea benga walikuwa wamekua wakisikia nyatiti, ile ya nyuzi nane, na nyatiti haipigwi kodi (hizi za gitaa, si zile za serikali), inapigwa noti moja moja zinazofukuzana. Gitaa la stima lilipofika likapewa kazi hiyo hiyo. Chukua rekodi za D.O. Misiani na Shirati Jazz, yule mzee aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Shirati, Tanzania, akafanya kazi yake huku kwetu mpaka akafariki 2006. Chukua za Collela Mazee na Victoria Jazz, chukua za George Ramogi. Usicheze chochote, keti tu na chai. Utasikia mwimbaji akimaliza mstari, solo inamjibu karibu kwa maneno yale yale, halafu kuna mahali sauti za watu zinanyamaza na magitaa yanaachiwa uwanja, solo huku, rithimu kule, besi inatembea kivyake chini, na hapo ndipo hata aliyekuwa amekaa na mguu mbovu anainuka. Sasa sikiliza mlio wenyewe. Ni mkavu, mwembamba kidogo, mkali, hauna ukungu. Kila noti unaiona ikipita.

Mlio wa namna hiyo pikapu (ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi, inayoshika mlio) ya koili moja inautoa bila kubembelezwa. Stratocaster ya Fender imekuwako tangu 1954, ina koili moja moja tatu, na Squier ni jina la Fender wenyewe kwa magitaa yao ya bei ya chini, kwa hiyo umbo na mpangilio ni ule ule. Zile za kwanza zilikuwa na swichi ya nafasi tatu. Wapigaji wakagundua kwamba ukiikwamisha katikati ya nafasi mbili unapata mlio mtamu wa pikapu mbili pamoja, wakawa wanaikwamisha hivyo miaka mingi, mpaka kiwanda kikakubali yaishe na mwaka 1977 kikaanza kuweka swichi ya nafasi tano. Kwa benga anza na ile inayochanganya pikapu ya nyuma na ya kati. Ya nyuma peke yake inauma sikio, lakini katika bendi yenye ngoma na tarumbeta inapenya.

Epiphone ya binamu yako ina pikapu za koili mbili mbili, hamubaka. Sauti yake ni nene kama uji wa wimbi. Ni tamu, sikatai, lakini ukikimbia noti zinashikana mikono. Kuna watu wanapiga benga na hizo na wananishinda mimi mbali, lakini wewe unaanza, usianze kwa kupigana na chombo. Pia umbo la Strat limekatwa pande zote mbili za shingo, mkono unafika freti za mwisho bila kujikunja. Na kwa bega lako, Les Paul ni gogo.


mulembe_rithim

Nilisema nimemaliza lakini mwalimu amenichokoza. Mwalimu unaongea kana kwamba gitaa iliingia Kenya kupitia Nyanza peke yake. Huku kwetu Kisa, kwa Waluhya, kulikuwa na George Mukabi, gitaa ya boksi, kidole gumba na cha kwanza tu, mtindo wa omutibo, na mtu kando anagonga chupa ya Fanta. Alikufa 1963 na mpaka leo ukitaka kujua kidole gumba kinaeza fanya nini unarudi kwake. Kondele_mgeni usitupe ile mkono wa boksi, benga pia wengi wanacheza na vidole bila piki.


mwalimu_wa_maseno

Omwami, nimekubali kosa. Mukabi hagusiki.


lanet_shingo_moja

Mimi niko Nakuru, Lanet, na nimenunua na kuuza gitaa za mkono wa pili za kutosha mpaka mama yangu anajua bei. Usitume pesa kwa hiyo Strat kabla mtu aishike. Kama ni wikendi naeza kukutana na wewe na huyo muuzaji, mahali pa wazi penye soketi ya stima, na amplifaya yangu ndogo naileta.

Saa hizo nikikuambia venye mimi huangalia, usichoke kusoma. Sianzi na rangi. Naanza kwa shingo. Nashika gitaa kama mtu anaangalia bunduki, jicho liko kwa kichwa cha gitaa, naangalia kingo ya shingo ikienda mwilini, kama imejipinda kama parafujo, yaani upande wa waya nene unaenda huku na wa waya nyembamba kule, narudisha na kusema asante. Hiyo haitibiki kwa bei yenye inafaa. Kama imeinama mbele tu kama upinde, hiyo si ugonjwa, ndani ya shingo kuna chuma, inazungushwa na ufunguo inarudi. Kujua imeinama kiasi gani, nabonyeza waya ya sita, ile nene kabisa, kwa freti ya kwanza na tena penye shingo inaungana na mwili, halafu naangalia nafasi iliyobaki hapo kwa freti ya saba. Ikibaki nafasi ya karatasi ngumu ya bizinesi kadi niko sawa. Ikipita sarafu, kuna kazi.

Halafu freti. Gitaa imelala kwa begi miaka mitatu si mbaya, mbaya ni yenye imechezwa miaka mitatu kwa bendi, utaona mabonde chini ya waya ya kwanza na ya pili, hapo kwa freti za mwanzo. Nacheza kila waya kila freti, moja moja, yote, huyo muuzaji aboeke kama anataka. Natafuta yenye inalia zzzz ama inakufa.

Halafu naichomeka. Nazungusha volyumu na toni polepole. Ikikwaruza kama redio ya zamani, hiyo ni vumbi tu, lakini simwambii muuzaji ni vumbi tu, ninanyamaza nikitikisa kichwa, hiyo ni 1,000 imetoka kwa bei. Nafasi zote tano za swichi zitoe sauti. Kebo naitikisa kwa shimo. Kama inavuma usishtuke, koili moja ni kama antena, inashika mvumo wa stima, ya kwetu ni hezi 50, na ukisimama karibu na taa za tyubu ama skrini ya kompyuta inazidi. Geuka geuka uone, ukiangalia upande fulani inapungua. Na kwa Strat nyingi za siku hizi ile pikapu ya kati imezungushwa kinyume, kwa hiyo zile nafasi mbili za kuchanganya zinanyamaza vizuri. Lakini ukiachilia nyuzi na mvumo uongezeke, ukizishika upungue, hiyo ni kawaida, waya ya athi ndani iko sawa. Ikiwa kinyume, ukishika ndio inazidi, kuna mtu alifungua ndani akarudisha vibaya.

Mwisho, freti ya 12. Gusa waya juu ya hiyo freti bila kubonyeza, pata ile kengele, halafu bonyeza hapo hapo. Noti ziwe sawa. Zikitofautiana kidogo, vile viti vya nyuzi kwa daraja vinasogezwa na bisibisi, ni dakika kumi. Na waya iinuke juu ya freti ya 12 karibu milimita 2 hivi, chini kidogo kwa waya nyembamba.

Strat pia ina mkono wa kutikisa, nyar_ahero amekutisha lakini ya Strat haina kufuli na inaeza nyamazishwa. Nyuma kuna kifuniko, chini yake skrubu mbili zinashika springi. Kaza mpaka daraja ilale kabisa kwa mwili. Basi, waya ikikatika tano zinabaki penye zilikuwa. Mkono wenyewe toa uweke kwa droo.


nyar_ahero

Kama ni kukaza springi nyuma hapo nakubali, hiyo yangu fundi alikataa hata kuifungua.


pesa_otas

Nimesoma pikapu, koili, springi na athi, nikadhani nimeingia grupu ya magari. Endeleeni.


fundi_waya_bgm

Swali ya wufa hamjamjibu mtu. Naeza jibu juu nimetengeneza wufa nyingi zenye zililetwa na watu wa gitaa.

Itatoa sauti, haitakufa siku hiyo, lakini utachukia gitaa yako bure. Pikapu ni waya nyembamba imezungushwa maelfu ya mara kwa sumaku, sauti yake ni dhaifu na inataka mlango wenye haunyonyi. Amplifaya ya gitaa mlango wake ni kama om milioni 1. Wufa nyuma hapo kwa AUX mara nyingi ni makumi elfu tu. Inanyonya, na kitu inapotea kwanza ni ule ukali wa juu, yaani ile mlio mwalimu amekuandikia aya tatu. Unabaki na kitu kama gitaa imefunikwa na blanketi. Na ukiweka padeli ya distoshoni, spika ya gitaa huwa inakata zile sauti za juu sana, wufa ina twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, haikati kitu, utasikia nyuki.

Kwa chumba kimoja na jirani wa mabati mimi ningekuambia amplifaya ndogo ya wati 10 yenye ina shimo ya hedifoni. Wati 10 ni kelele ya kutosha, usidanganywe na namba, utakuwa unacheza volyumu iko kwa moja. Kwa kanisa ukifika, wanaweka maiki mbele yake ama unaingia kwa miksa kupitia DI, kile kisanduku cha kuunganisha gitaa na miksa, usiende kununua wati 100.

Ama sasa wewe uko kwa saiba, kompyuta unayo. Kuna vile visanduku vya USB, intafesi, gitaa inaingia hapo kwa mlango wa gitaa, kompyuta inaigiza amplifaya, programu za bure zipo nyingi na ni nzuri kushinda spika ndogo. Lakini kwa Windows weka draiva ya ASIO juu bila hiyo ukipiga noti inasikika baadaye kama simu ya ng'ambo. Na hedifoni iwe ya waya. Ya Bluetooth usijaribu, kuchelewa kwake kunafanya mkono uanze kungojea sikio, na kwa benga ukingojea umeachwa.

Lakini hapo pia fikiria, kompyuta ya saiba ni ya mdosi. Nunua amplifaya.


kondele_mgeni

Aki asanteni. Nimesoma yote mara mbili, ya pili nikiwa naandika kwa karatasi na mteja ananingoja apigiwe kopi.

Nimerudi kwa duka nikajaribu ile ya kufuli kwanza, juu nilikuwa bado naipenda kidogo. Nikamwomba muuzaji atikise ule mkono halafu acheze E wazi. Akatikisa, akacheza, akasema "hii imetoka tu kwa boksi inazoea hewa ya ziwa." Nikatoka polepole.

Binamu ameambiwa ile picha aifute kwa simu yake pia.

@lanet_shingo_moja Jumamosi uko? Na nyuzi nianze na 9 ama 10? Huku joto ya ziwa nasikia zinashika kutu.


lanet_shingo_moja

Niko. Nyuzi 9. Ukizoea na uone mkono wako wa kulia ni mzito utaenda 10.


mwalimu_wa_maseno

Mimi ningesema 10. Mtu wa boksi ana mkono mzito tayari, ataivuta 9 mpaka itoke nje ya sauti akibonyeza tu.


lanet_shingo_moja

Mwalimu huyu anapigana na F.


mwalimu_wa_maseno

Haya, 9.


nyar_ahero

Kutu ni jasho zaidi ya ziwa. Weka kitambaa kavu kwa begi, ukimaliza kucheza pangusa kila waya juu na chini yake, dakika moja tu. Mimi nyuzi hukaa miezi miwili na natoka Ahero, si eti huku kuna baridi. Na ukinunua seti nunua mbili, ile ya kwanza huwa inakatika Jumamosi jioni.


kondele_mgeni

Ripoti. Nilitoka Kisumu na gari ya saa kumi na mbili asubuhi, kupitia Kericho, kulikuwa na ukungu dereva anaendesha kama amekariri barabara. Lanet alikuwa amefika mbele yangu na amplifaya kwa boda. Enyewe huyu mtu ni wa maana, alifanya vile vyote ameandika na akaongeza kunusa begi, ati kama inanuka unyevu tuangalie gundi.

Shingo iko sawa, imeinama mbele kidogo tu. Freti ziko kama mpya. Volyumu ilikwaruza na Lanet akatikisa kichwa vizuri sana, hata mimi nilishtuka na nilikuwa najua. Shida yenye tulipata ni ile kipande nyeupe huko juu kwa shingo penye nyuzi zinapita, nati, mfereji wa waya ya tatu ulikuwa mwembamba, ukityuni waya inashika halafu inaruka na kelele ya tiki. Muuzaji alikuwa amedhani ni vyuma vya kutyuni vimeharibika, ndio maana aliiacha kwa begi. Tukaanzia 21,000 tukafika 18,500.

Fundi wa Nakuru alipanua huo mfereji, akarudisha shingo, akalaza daraja, akapuliza dawa kwa volyumu, akaweka 9, jumla 2,000 na hakutaka nitoke nje, alinionyesha kila kitu. Amplifaya nimepata Kisumu kwa mtu anahama, wati 10, ina shimo ya hedifoni, 6,500. Kebo 800. Seti mbili za nyuzi 1,400. Hiyo ni 29,200. Nauli siandiki hapa, kuna mtu wa nyumba hii husoma simu yangu.

Jana usiku nilicheza na hedifoni mpaka saa nane. Jirani hakusikia kitu ila asubuhi ameniuliza kwa nini nilikuwa nagongagonga mguu.


mulembe_rithim

29,200 safi. Sasa wacha kuandika ucheze.


mwalimu_wa_maseno

Hongera sana, kijana wangu. Swali langu ni moja tu. F?


kondele_mgeni

F imeingia, mwalimu. Siku ya tatu, nyuzi zote sita zimelia. Bm tusiongelee.